Kadi ya Mtumba

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
nimeivua kompyuta bati la ubavuni.
Vumbi la mwaka mzima; nalipuliza, napiga chafya.
Nagusa chuma kwanza, umeme wa mwilini unitoke,
kisha naikandamiza kadi
hadi kibano kiitikie: ka!

Nawasha. Feni zinavuma.
Skrini kiza tupu.
Namlaani muuzaji wa Chuda,
naulaani umeme, naulaani mkono wangu.

Mwanakombo, unga wa maandazi viganjani,
anachungulia nyuma ya meza:
"Kaka, umeshaoa kadi,
mbona waya bado unalala kwa mke mkubwa?"

Nauhamisha.
Rangi zinamwagika mpaka kwenye chandarua.
Na maandishi: pakua draiva.

Bando langu limeisha tangu Ijumaa.