Alama ya Kuuliza

Kanisa letu la Contagem lilikuwa duka la matairi.
Siku za mvua sakafu bado hutoa harufu ya mpira,
na ukutani, chini ya rangi nyeupe tuliyopaka mara tatu,
bei ya kuziba pancha haijakubali kufa.

Mimi ndiye Ivanilde wa kompyuta.
Kuimba sijui. Nimepewa kidole kimoja:
nabonyeza, ubeti unapanda ukutani,
watu mia mbili wanainua mikono kuupokea.
Nikichelewa nusu sekunde sifa zinawakwama kooni,
na mchungaji Adalberto ananigeuzia jicho
ambalo halimo katika matunda ya Roho.

Wimbo ule Jurandir aliuleta Jumamosi moja ya Juni,
baridi, sote tumevaa makoti,
mikate ya jibini imepoa mfukoni.
Aliuandika nyuma ya risiti ya duka la dawa.
Upande huu: pamba, sindano, dawa ya homa ya mtoto.
Upande ule: mistari minne,
na mahali pamoja kalamu imetoboa karatasi.

Nikachapa mbiombio, kahawa mkono wa kushoto.
Mstari wa nne nikaandika: *Wewe wanitosha.*
Nikaukuza, nikautia kivuli,
nyuma yake picha ya macheo niliyoipata bure.

Ulishika kama moto wa nyasi kavu.
Gitaa peke yake, kisha ngoma, kisha kile kipande
kinachorudiwa hadi mtu asahau amekuja na nani.
Dona Zulmira, mwenye magoti ya kulia kama bawabu, aliruka.
Kijana aliyeleta pizza ya wanakwaya
alisimama mlangoni na helmeti kichwani,
akalia humohumo ndani ya helmeti.
*Wanitosha*, waliimba. *Wanitosha. Wanitosha.*
Jurandir alikuna nyuzi akitazama viatu vyake.
Mstari wa nne hakuuimba hata siku moja.
Nilidhani ni pumzi.

Agosti tulimzika Lidiane, miaka sita.
Wimbo tuliuimba pale pale makaburini,
bila umeme, bila mimi.

Disemba, nikitafuta waya katika boksi la waya,
nikaikuta risiti.
Mwisho wa mstari wa nne
palikuwa na alama ya kuuliza,
kubwa, imepinda kama ndoano.
Kitone chake ndicho kilichotoboa karatasi.

Nusu mwaka kanisa zima limekuwa likijibu
swali ambalo mimi nililifuta
kwa sababu kahawa ilikuwa ya moto.

Nilimfuata nje, kwenye magari.
Nikasema, Jurandir, nilikosea.
Akasema, "Nilijua tangu Jumapili ya kwanza."
Mbona hukuniambia?
Akafunga boksi la gitaa, kibanio kimoja, kingine.
"Walikuwa wakiimba kwa nguvu sana.
Nikawaza, labda wenzangu wanajua kitu.
Nikasimama karibu nao tu,
kama mtu aliyezimikiwa na moto
anavyosimama karibu na jiko la jirani."

Jumapili iliyofuata niliirudisha.
Sikumwomba mchungaji ruhusa.
Alama moja, nyeupe, juu ya macheo ya bure.

Wengi hawakuona, wakaimba walivyozoea.
Dona Zulmira aliona. Akanyamaza,
akaweka kiganja kifuani kama anayetafuta ufunguo.
Kijana wa pizza, ambaye siku hizi ana kiti chake,
aliipandisha sauti mwishoni,
kama mtu anayepiga hodi na kusikia hatua ndani.

Na Jurandir akainua uso,
akaisogelea maikrofoni,
akauimba mstari wa nne.

Aliuliza, au alijibu?
Ngoma zilikuwa juu, sikusikia vizuri.
Nami nilisahau kubonyeza.
Maneno yakabaki pale ukutani,
na nyuma yake, hafifu,
bei ya kuziba pancha.