Ngazi za Zdravka

Ofisi ya ramani za viwanja, Plovdiv, ghorofa ya tatu.
Theluji inagusa kioo, haibishi hodi.
Zdravka, meza inayotazamana na yangu,
ananyoosha klipu.
Ananyoosha, anakunja, ananyoosha tena
mpaka waya unalia tik, umekatika,
na mkono, bila kumuuliza mwenyewe,
unachukua nyingine.

Pembeni mwa kila faili huchora ngazi.
Si nyumba, si maua, ngazi tu,
zinapanda hadi ukingo wa karatasi
na kuishia hewani.
Siku moja nilimuuliza, zinakwenda wapi?
"Zinakwenda?" akasema, akizitazama
kama mtu aliyeonyeshwa nyayo zake mwenyewe.

Novemba akaja mkuu mpya, bwana Gerdzhikov,
meza yake nyeupe kama sahani ya mgeni.
Akatoa waraka: klipu zihesabiwe,
pembe za mafaili zibaki safi.
"Mtu akifikiri," alisema, "hutulia kama maji mtungini."

Zdravka akaficha mikono mapajani.
Mbele yake kesi ya ndugu wawili wa Asenovgrad
wanaogombea mti wa jozi,
nao wenyewe jozi, mapacha,
hawasemezani mwaka wa kumi na mmoja.
Siku tatu aliikodolea macho ramani ile.
Siku tatu akili ilisimama kizingitini,
haiingii, haiondoki.

Siku ya nne nikasukuma gazeti hadi kwake,
chini yake klipu moja, yangu, ya nyumbani.
Sikusema neno.
Nikasikia tik.
Saa sita kasoro akasema, si kwangu, kwa dirisha:
"Ukuta ndio uliohama. Mti uko palepale."

Ningependa kusema mkuu alibadilika.
Sijui.
Najua kwamba Ijumaa alipigiwa simu kutoka hospitali,
habari za mama yake,
akawa anaitika, ndiyo, ndiyo daktari, ndiyo,
na alipotoka mbio, koti mkononi,
nilikuta juu ya waraka wake mwenyewe
vijisanduku,
kimoja ndani ya kingine ndani ya kingine,
na kile cha ndani kabisa kimekolezwa wino
hadi karatasi imetoboka.

Niliukunja nikautia mfukoni. Zdravka hajauona.
Nimeuweka hapa mbele yangu ninapoandika.
Lebo ya chupa ya maji nimeimaliza kitambo,
sasa nabandua rangi ya meza.