Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Gari la marehemu kaka yangu lina usukani kuume,
lilitengenezewa watu wanaopita kushoto.
Sisi Bukavu twapita kuume.
Basi mimi nakaa upande wa mtaro, nahesabu mawe ya ukingo,
na mwalimu Zihalirwa anakaa katikati ya barabara,
anaona yanayokuja kabla yangu.
"Subiri. Subiri. Fuso. Bado. Sasa!"
Nimejifunza kupita kwa macho ya mtu mwingine.

Siku ya kwanza aliniuliza, hatari ni nini?
Nikasema, ajali.
Akacheka mpaka kofia ikamshukia puani.
Ajali ni jibu, akasema. Mimi nataka swali.

Tangu hapo twashuka Kadutu, twapanda Kadutu,
na kila hatua hamsini: unaona nini?
Naona matawi mabichi yametupwa njiani.
Matawi hayaoti juu ya lami, Nsimire.
Nyuma ya kona hiyo kuna lori lililokufa
na dereva kalala chini yake, miguu nje.
Naona motari.
Usimtazame taa, hana taa. Mtazame shingo.
Shingo ikigeuka, pikipiki nayo imekwisha kugeuka.
Naona udongo mwekundu umetoa ulimi hadi katikati ya njia.
Basi kilima kimeanza kusema. Punguza, kisikie.

Lakini kuna mengine hakunifundisha yeye.
Miaka kumi na mmoja niliuza makaa kwenye teremko hili,
mgongo kwa ukuta, uso kwa magari.
Naijua sauti ya lori lililotolewa gia ili kubana mafuta:
hunyamaza kwanza, ndipo hupiga mluzi.
Namjua dereva aliyekunywa kasiksi;
huyo huendesha kwa adabu iliyopita kiasi.
Najua kwamba sisi wenye gunia kichwani
hatuwezi kugeuza shingo.
Mkitupigia honi twasikia tu kwamba tumechelewa,
hatusikii turukie upande gani.

Jumanne, jua limebaki kidogo, twapanda kwa gia ya kwanza.
Bidoni la njano likatoka kichochoroni,
tupu, likidunda, likicheka kwa sauti ya plastiki.
Mwalimu akalitazama bidoni.
Mimi nikatazama kichochoro.
Mguu wangu ulikuwa umekwisha kukanyaga
kabla mimi mwenyewe sijaarifiwa.
Bidoni halitembei peke yake. Lina mwenyewe.

Akatoka, miaka sita hivi, kandambili moja,
akalidaka mbele kabisa ya boneti
akarudi alikotoka.
Hakututazama hata kidogo.
Kwake tulikuwa ukuta mwingine wa mtaa.

Nikaliona goti la mwalimu:
naye alikuwa amekanyaga kwa nguvu zake zote,
upande wake usio na breki, usio na chochote ila zulia.
Hatukusemezana.

Injini ikazima.
Gari likaanza kurudi nyuma, polepole, kama mtu anayekumbuka jambo.
Kijana akaja mbio na jiwe la ukubwa wa kichwa,
akalisukuma nyuma ya gurudumu, akanyosha mkono dirishani.
Franka mia tano.
Mwalimu akalipa bila kubishana;
jambo hilo sijaliona tena hadi leo.

Nikawasha. Klachi, mafuta, kidogo, kidogo tena,
lile tetemeko linalopanda mpaka kwenye meno,
tukaondoka.
Mbele ya duka la dawa, pale njia inapopumua,
nikaegesha, nikavuta breki ya mkono.
Nini tena? akauliza.

Katika kioo jiwe lilikuwa bado limekaa
katikati ya mteremko, kijivu, na jioni nayo yawa kijivu,
na kijana kashamkimbilia mteja mwingine.
Nikafungua mlango upande wa mtaro,
nikashuka kwenda kuliondoa,
na honi zote za Kadutu zikinitukana.