Lumbesa

Godauni la tumbaku lilipouzwa
walihesabu kila kitu: mizani, magunia matupu,
karabai mbili zisizowaka.
Mbwa hawakumhesabu. Wala mimi.
Nikamfungua mnyororo tukatoka,
mlinzi na mlinzi.

Jina alipewa na karani
siku tulipompandisha kwenye mizani ya tumbaku.
Mshale ukapita sitini na tano, ukatetemeka,
karani akasema, "Hii ni lumbesa,
hata serikali imeikataza."

Dalali Sizya alitaka elfu kumi ya kutembezwa,
nipate nisipate.
"Una familia?"
"Nina mbwa."
"Mbwa si tatizo," akasema,
kabla hajamwona.

Cheyo, nyumba ya mwalimu mstaafu,
sakafu ya marumaru, choo cha ndani.
Mwalimu akauliza kwa simu: mkubwa kiasi gani?
Sizya akajibu, "Wa kawaida tu, kama paka aliyeshiba."
Paka huyo alipofika getini
kichwa kilipita komeo.
Mwalimu akarudisha ufunguo mfukoni
polepole, kama mtu anayeficha nyama.

Ipuli, mama mwenye nyumba alipiga hesabu:
umeme kwa vichwa, maji kwa vichwa, taka kwa vichwa.
"Huyo nimwandike vichwa vingapi?"
Kimoja, nikasema.
Akamzunguka.
"Viwili na nusu. Akinya uwanjani, vitatu."

Gongoni, Mzee Hilali alitupokea kuliko wote.
Alimletea maji kwenye kopo, kisha kopo akaliacha palepale.
"Sina ugomvi na kiumbe wa Mungu.
Ila ua wetu ni mmoja, mikeka inaanikwa hapa,
na anayetoka kutawadha hana njia nyingine.
Usinielewe vibaya, mwanangu."
Sikumwelewa vibaya.
Nilimwelewa vizuri, ndiyo maana niliumia.

Wiki ya tatu tukilala barazani kwa fundi cherehani
Sizya akaja na mtu wa machimbo ya Nzega.
Laki mbili, taslimu.
"Kaka, uza mbwa. Vyumba vimejaa tele."
Sitadanganya: nilizihesabu zile noti.
Nilizihesabu mara mbili.
Lumbesa alikuwa amelala juu ya kivuli changu,
na jua liliposogea akasogea nacho.
Nikazirudisha, zimelowa jasho la kiganja.

Nyuma ya stesheni, Bi Kalekwa,
macho yake yamebakiza mwanga tu.
Aliweka mkono kichwani pa mbwa,
mkono ukasafiri, ukasafiri.
"Mgongo huu unaishia wapi?"
"Mbele kidogo, mama."
"Anakula nini?"
"Ugali na dagaa. Utumbo siku moja moja."
"Anapiga kelele?"
"Hapana," nikasema,
na Lumbesa akanitazama.

Saa tisa usiku alisimama,
masikio wima, akaukabili ukuta,
akalia kilio kirefu ambacho godauni lilikuwa likikimeza
na chumba cha futi kumi hakikuweza.
Mtaa mzima ukaamka. Mtu akataja wazazi wangu.
Nikaanza kufunga: jiko, blanketi, sufuria.
Nikiwa nakaza kamba ya mwisho ndipo nami nikasikia,
mbali, upande wa mashariki,
honi ya treni ya Kigoma.

Asubuhi Bi Kalekwa alisimama mlangoni na birika tupu.
Nilijua sentensi itakayofuata.
Haikuwa hiyo.
"Miaka kumi na minne nawauzia chai abiria.
Treni ile haina saa, haina adabu.
Nikiwahi, chai inapoa. Nikichelewa, inaondoka.
Jana nimefika na birika linafuka,
hakikubaki hata kitumbua."
Akapapasa hewa mpaka akalipata sikio moja.
"Mwambie leo nalala mapema."

Kodi hakupunguza.
Alichukua ya miezi sita, noti juu ya noti,
akizipima kwa kidole gumba.
Na kwenye karatasi ya mkataba, mahali pa wapangaji,
akamwamuru mjukuu wake aandike: wawili.