Ukurasa Mmoja wa Sarnham Ndogo

Halmashauri ya parokia imenipa ukurasa mmoja
na onyo la Bwana Loveday:
"Enid, andika yaliyopo tu. Yaliyokufa usiyafufue."
Basi nimekaa jikoni, birika likinung'unika,
mvua ya Machi ikihesabu vigae.

Mgeni, ukishuka basi (Jumanne au Ijumaa,
siku nyingine utaletwa na miguu yako)
utaona kwanza mnara, mfupi, mnene,
kama mtu aliyeketi na hana haraka ya kuinuka.
Waliujenga Wanormani. Mlango wao ni mdogo,
hata mwenye kiburi huingia ameinama.
Ukuta wa kaskazini, chini ya chokaa,
fundi alikwangua akakuta jicho.
Jicho moja. La malaika au la shetani,
kasisi na mtaalamu hawajaafikiana,
na fedha za kukwangua zaidi hazijapatikana.
Linatutazama tukiimba.

Magofu ya watawa yako malishoni kwa akina Yelland.
Usitafute kuta. Kuta zilihama usiku,
zikawa zizi, zikawa daraja, zikawa bomba la moshi la baa,
zikawa kizingiti changu hiki chenye samaki aliyechongwa,
amelika kwa viatu, amebaki mkia.
Ukitaka kuiona abasia yote
itakubidi ubishe hodi kijiji kizima.

Mkabala na pampu kuna ua wa mawe:
humo walifungia ng'ombe waliopotea
mpaka mwenyewe aje na faini mkononi.
Siku hizi wanaopotea ni madereva wa malori
walioiamini simu kuliko macho yao,
wakakwama kwenye kichochoro cha Dunnock, kioo huku, ukuta huku.
Hatuwatozi. Tunawapa chai.

Huduma. Aliniambia nisisahau huduma.
Baa, saa kumi na moja jioni; Alhamisi pana supu.
Ukumbi: hita inakula sarafu, na ina njaa.
Gari la maktaba, kila wiki ya tatu, kama halijaharibika.
Duka... nimelikata kwa mstari.
Shule nayo nimeikata. Kengele yake iko kwa Tamsin Orchard,
huitia kuku, nao huja mbio
kuliko tulivyowahi kuja sisi.

Kibanda chekundu cha simu hakina simu.
Kina riwaya zilizolowa pembe
na mashine ya kushtua moyo uliosimama.
Tuliinunua kwa keki, mauzo ya Jumamosi nne,
nami nilioka za limau.
Ilifungwa mwezi wa Juni.
Godfrey alianguka mwezi wa Machi, hatua ishirini kutoka pale,
mfuko wa mbegu za viazi ukiwa begani.
Hilo si huduma wala si historia.
Sikuliandika.

Kwenye mnara wa vita kuna majina kumi na saba
na koo nne tu. Soma polepole.
Mstari wa akina Hoskyn, mwashi alikosea herufi,
na mama yao akakataa irekebishwe.
Alisema: hata hivyo hakuna atakayeitika.

Nimebakiwa na nafasi ya vidole viwili.
Bwana Loveday anataka saa za kufungua kanisa.
Nimeandika: "Uliza."
Maana ufunguo uko pale ulipokaa siku zote,
chini ya chungu cha tatu, chenye ua lililokauka,
kila mwenyeji anajua
na hakuna aliyewahi kuthubutu kuuandika.

Wewe uliza tu.
Bisha mlango wenye mkia wa samaki.
Nitachelewa kidogo, goti langu ni la zamani pia,
kisha nitavaa koti, nizime birika,
nikupeleke mwenyewe mpaka kwenye jicho,
tusimame mbele yake wawili, tumelowa,
uniambie wewe unayetoka mbali:
ni malaika, au?