Waja Leo

Kwetu Tanga husema: waja leo, waondoka leo.
Nimeuchapa msemo huo kwenye kadi za harusi,
kwenye kalenda za saccos na risiti za duka la baiskeli,
sikuuelewa
hadi Jumanne ile nilipofuta vifurushi.

Bi Mwanakheri alileta daftari la nyanya yake:
beti mia mbili na tatu kwa hati ya Kiarabu,
Kiswahili kitupu ndani.
"Ukurasa mmoja herufi zake yeye, wa pili herufi hizi zenu.
Zitazamane kama wake wenza msibani."
Nikasema inawezekana.
Mpangaji wa vitabu husema inawezekana kwanza,
kisha hufunga mlango.

Diski imebakiza nafasi ya kijiko.
Nikafungua lile dirisha jeusi lisilo na picha,
mahali ambapo kompyuta haimbembelezi mtu:
unaandika, inatii,
au inakutukana kwa mstari mmoja.
Nikaandika: weka. Nikataja hati ya Kiarabu.
Ikajibu, huyu haji peke yake.
Anakuja na fonti zake na mashangazi wa fonti,
na mkalimani, na mtu wa kubeba nukta,
wageni arobaini na mmoja kwa mwaliko wa mmoja,
na bando langu la siku.

Basi nikaanza kuondoa.
Ubao wa sataranji: nani atachapisha sataranji Ngamiani? Ondoa.
Noti za kwaya, kazi ya Pasaka waliyonilipa nusu. Ondoa.
Kigiriki.
Fomula za kemia; mwalimu mwenyewe kahamia Korogwe. Ondoa.
Kila mara inauliza, una hakika?
Nami nabonyeza ndiyo bila kusoma,
kama shahidi wa ndoa anayewahi biriani.

Saa nne usiku Kiarabu kikaingia.
Herufi zikashikana mikono kutoka kulia.
Nikaugeukia ukurasa wa pili, niliouona mwepesi,
nikakuta mistari imekatwa kwa shoka:
*mw-* huku, *-anangu* kule,
*n-* ukingoni, na *-gamia* chini peke yake
kama aliyeachwa na msafara.

Kumbe kati ya niliowatimua
alikuwemo mmoja mdogo, mwepesi kuliko picha ya pasipoti,
asiyeonekana kwenye ukurasa wowote,
ambaye kazi yake yote duniani
ni kujua neno la Kiswahili likatwe wapi.
Aliondoka kwa kuwa aliyemleta kaondoka.
Mashine huwaita wa namna hiyo yatima,
na huwafagia.

Kumrudisha, dakika mbili na bando la mia tano.
*Mwa-nangu. Nga-mia.*
Nikakaa nikimtazama,
yaani nikitazama mahali asipoonekana.

Asubuhi Bi Mwanakheri akasoma amesimama, mkoba begani.
Ubeti wa sita akaugonga kwa ukucha.
"Hapa nyanya aliandika jina, akalipiga mstari.
La kwako liko wapi?"
Nikamwambia, alilifuta, nami nikaliacha.
"Alilikata," akasema. "Hakulifuta.
Mtu akitaka kufuta hufuta.
Lirudishe, na mstari wake."

Nikalifungua tena dirisha jeusi.
Kipo kifurushi cha kulikata neno bila kuliondoa.
Diski imejaa.