Kinyozi wa Langoni

Isha ikipita nafagia nywele,
nageuza kreti kuwa meza ya arbastini.

Lali hupiga turufu mapema, kwa kishindo,
mpaka vitana vyangu vinaruka kwenye rafu.
Famau hufuga ree, akivizia mzungu ajitokeze,
na akiwa nayo husokota ndevu
kama anayetia uzi sindanoni.
Bunu hachezi karata zake; anacheza macho yetu.
Mimi, wanasema, hukohoa nikilamba garasa.
Nimejaribu kuacha. Ndiyo kwanza nazidi.

Jumanne Lali alichelewa.
Alichanga polepole, akagawa,
akasahau kujigawia.
Turufu ya kwanza aliilaza mezani
kama mtu anayelaza mtoto.
Kitana hakikutikisika.
Mfukoni mwa shati lake
kadi ya hospitali ilichungulia.
Hatukumuuliza.

Tulipobaki na karata mbili mbili
Lali akaweka mzungu wa nne wa kopa.
Famau zamani keshasokota ndevu:
ree anayo, naapa.
Bunu akatazama dari.

Famau akatupa garasa.
"Umekula wewe. Changa tena."

Nikakohoa,
nami mkononi nina turufu tupu.